Usiku kifaa cha gesi ya makala kilipolia nyumbani kwetu Lubumbashi

Mwezi wa saba baridi ya Lubumbashi inauma, usiku hushuka chini ya nyuzi 10. Umeme ulikuwa umekatika. Kambo, mama yake baba, alikuwa ametoka Kilwa kando ya ziwa Mweru, hakuizoea baridi hii. Basi mbabula, jiko letu la mkaa, ikaingizwa koridoni, makala yakiwa mekundu, bila moshi. Wengi huamini makala yakishaiva hivyo hayana ubaya, lakini hata hapo hutoa monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu isiyoonekana wala kunuka.

Yaya, ndugu yangu mkubwa aliye Ubelgiji, ndiye aliyetutumia kifaa cha kuitambua gesi hiyo, nikakitundika karibu na vyumba vya kulala. Usiku wa manane kikalia: milio minne ya haraka, kimya kidogo, minne tena. Shemeji akanyanyuka atoe betri. Nikamshika mkono. Betri ikichoka, kifaa chetu hutoa mlio mmoja mmoja, kwa kuachana. Minne mfululizo ni gesi.

Kufungua mlango usiku kwetu si jambo dogo. Wezi wapo, madirisha yana nondo, mlango una kufuli. Ndiyo maana wengine hufungua dirisha tu wakarudi kulala, na hilo linanitia hofu kuliko wezi. Gesi hii hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, na mtu hulegea kabla hajajua kinachompata. Ufunguo wetu hukaa kwenye msumari kando ya mlango, hata watoto wanajua. Nikafungua, nikaita kila mmoja kwa jina, Kambo tukamtoa na blanketi zake. Uani nikahesabu vichwa. Wote tulikuwepo. Hakuna aliyeruhusiwa kurudi ndani, hata kwa viatu. Mbabula tuliiacha humohumo, mlango wazi.

Kambo akasema, "Mjukuu wangu, kichwa kinapasuka." Mke wa mdogo wangu, mwenye mimba, alikuwa anatapika. Huku kwetu kichwa na kutapika moja kwa moja ni malaria, kwa hiyo jirani alipotufikisha hospitali nilimwambia muuguzi tangu mlangoni: makala ndani ya nyumba, kifaa kimelia, huyu ana mimba. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kilionyesha asilimia 98. Daktari hakukiamini, akatueleza kuwa hakitofautishi oksijeni na gesi hiyo, akawavalisha wote wawili maski ya oksijeni. Kwa hewa ya kawaida gesi iliyo kwenye damu hupungua nusu katika saa nne au tano. Kwa oksijeni safi, kama saa moja na nusu. Mjamzito alikaa na maski muda mrefu kuliko Kambo, maana gesi hukawia kumtoka mtoto aliye tumboni.

Mbabula sasa hailali ndani. Kambo tumemwongezea blanketi na chupa ya maji ya moto miguuni. Kifaa kiko palepale, na nyuma yake kumeandikwa mwaka wa kukibadilisha: 2031.