Mwimo wa kulia

Nimerudi Unguja tangu Shaabani, baada ya miaka 12 Maskati, na kila baraza ninayopita wananiuliza swali moja: umekuja na nini? Nimekuja na mashine ya randa, bakuli nne za halua (ya Wete bado naiona bora, lakini msiseme nimesema mimi), na woga.

Mwaka 2012 nilimwachia mtu kazi mkononi.

Mimi na sahibu yangu tulikuwa wachonga milango. Mlango wa nakshi una miimo miwili pembeni, kizingiti juu, na katikati mfaa, ule ubao mwembamba unaoziba mwanya mbao mbili za mlango zinapokutana. Tuligawana: mwimo wa kushoto wake, wa kulia wangu. Mnyororo unaochongwa kwenye miimo lazima ufike juu sawasawa, pete kwa pete, kwa hiyo kila jioni tulilaza miimo yote miwili sakafuni na kupima. Akinitangulia pete mbili, ananingoja. Tulianza hivyo tangu tukiwa wanagenzi, hatujatia ndevu.

Viza yangu ikatoka ghafla. Mwimo wangu ulikuwa umefika nusu. Mteja ameshatoa arubuni, na fungu langu limeshaishia kwenye pasipoti na vipimo vya hospitali. Nikaaga usiku.

Maskati nilifanya kazi karakana moja ya Wadi Kabir, pamoja na Wahindi, Wapakistani na Wabangladeshi. Mashine ya kompyuta inachonga ua ambalo mie lingenichukua siku mbili, wewe hujamaliza chai. Sina ugomvi nayo. Kilichonichosha ni watu kuondoka. Mikataba ilikuwa ya miaka 2. Ukishauzoea mkono wa mwenzio, ukajua wapi anabana na wapi analegeza, keshafunga begi. Na mpaka mwisho wa 2020 mgeni hakuweza kuhamia kwa tajiri mwengine bila barua ya tajiri wa kwanza kwamba hana pingamizi. Sharti hilo liliondolewa Januari 2021, lakini kabla ya hapo nilishaona mafundi hodari wakigombana na bosi asubuhi na kupandishwa ndege wiki hiyohiyo. Nimefanya kazi na watu pengine arubaini. Namba ninazoweza kuzipiga leo ni tatu.

Sahibu yangu nilikuwa nikimpigia kila Iddi. Ule mlango hatukuutaja hata siku moja. Yeye ananiuliza patasi za huko zikoje, mie namuuliza ubao wa mfenesi umefika bei gani. Patasi nilimpelekea mara mbili, kwa mkono wa watu wanaorudi.

Siku ya tatu baada ya kufika nikajikaza nikaenda kibandani. "Umenenepa," ndiyo salamu niliyopewa. Akainama chini ya meza akavuta sanduku langu. Vyombo vyangu vyote vimo, vimefungwa kipande cha kanga kilicholowa mafuta ya nazi. Nikafungua patasi ndogo nikaipitisha kwenye ukucha: ikakata. Na hewa ya chumvi yetu hii, chuma kisichopakwa mafuta hakimalizi masika mawili.

Mbao nazo tukaenda kutafuta pamoja. Vyeti vyangu vya Maskati nilivitia mfukoni, na mfukoni vikabaki. Muuza mbao hakunijua. Akamtazama mwenzangu, akauliza, "Huyu ni wako?" Akajibiwa ndiyo. Nikapewa mzigo mali kauli, nikiuza ndiyo nilipe.

Tukiwa njiani nikaona nisipouliza leo sitouliza tena. "Ile arubuni?" Hakunijibu. Akakata kichochoro, mie nyuma, mpaka nyumba moja upande wa Malindi.

Mlango niliuacha wa manjano, kama mfenesi mbichi ulivyo. Sasa rangi yake kahawa. Nikapiga magoti mbele ya mwimo wa kulia nikatafuta kwa kidole pale mkono wangu ulipoishia. Mie natumia kushoto, na mfereji wa patasi yangu unajulikana: upande wa kulia umesimama wima, wa kushoto umelala. Wa kwake ni kinyume. Nikapanda na kidole pete baada ya pete, nikasimama, nikanyosha mkono hadi kizingitini. Mifereji yote imelala kushoto.

"Ulifanyaje?"

"Niliupindua ubao, kichwa chini miguu juu. Nikawa nachonga nyuma mbele. Shingo iliniuma wiki nzima." Akapangusa vumbi kwenye kizingiti, kisha akanitajia arubuni yangu, mpaka shilingi ya mwisho.

Tumepatana nitamlipa kwa kazi. Kuna mlango wa hoteli moja Nungwi, tumeanza Jumamosi. Wa kulia ni wangu.