Daftari la Karata Zilizofunikwa

Katika Super Mario Bros. 3, mchezo wa Nintendo uliotoka Japani mwaka 1988 na kufika Marekani mwaka 1990, kuna kibanda cha karata ambacho hujitokeza kwenye ramani, kikiwa na alama ya shupaza yenye herufi N, kila mchezaji anapofikisha alama 80,000 nyingine. Ndani yake zimefunikwa karata 18 katika safu tatu, nazo hufunuliwa mbili mbili kwa kutafuta zinazofanana: uyoga, ua, nyota, sarafu au uhai wa ziada. Jozi ya kwanza isiyolingana husamehewa. Ya pili humtoa mchezaji nje.

Binamu yangu alishikilia kwamba humo hakuna ufundi, ni bahati tupu. Kabla ya kufunua karata ya kwanza alipuliza vidole, akahama kiti, na wakati mwingine alitutaka tunyamaze kabisa. Dada yangu hakuona raha ya kukanyaga kobe wala kuruka mashimo, kwa hiyo alikaa pembeni na daftari la hesabu, akichora kitu kila kibanda kilipofunguka. Tulidhani anajiburudisha.

Siku moja binamu alipofungua kibanda kipya, dada aliomba kontrola.

"Niachie hii moja tu," alisema.

Alifunua karata mbili ambazo hazikulingana, na binamu akacheka. Dada akatazama daftari, akapekua kurasa kadhaa, kisha akaanza kufunua jozi moja baada ya nyingine bila kusita, hadi pasibaki karata iliyofunikwa. Binamu alinyanyuka na kuikagua mashine nyuma, kana kwamba jibu lilikuwa kwenye nyaya.

Daftarini mlikuwa na miraba 18 katika kila ukurasa, na kurasa zilizojaa zilikuwa nane. Dada alieleza kwamba karata hazichanganywi upya. Zingeweza kupangwa kwa namna mabilioni, lakini mashine huchukua mpangilio mmoja kati ya michache iliyokwisha kuandaliwa, na karata chache za mwanzo, zikichaguliwa vizuri, hutosha kuutambua. Ile jozi isiyolingana, ambayo sisi tuliihesabu kuwa hasara, kwake ilikuwa nauli aliyokubali kulipa ili ajue yuko ukurasa gani. Aliweza kujaza kurasa hizo kwa sababu ya utaratibu mwingine wa mchezo wenyewe: mchezaji akishindwa, karata alizokwisha kuzipatia hubaki wazi hadi kibanda kinachofuata, hivyo mpangilio uleule humalizwa polepole hata na watu wanaokosea sana kama sisi.

Binamu alijifariji kwa kibanda kingine cha shupaza, kile kisicho na herufi, ambamo picha iliyokatwa vipande vitatu hupita kwa kasi na mchezaji husimamisha kila kipande kwa kubonyeza. Uyoga ukikamilika hutoa uhai mara mbili, ua mara tatu, nyota mara tano. Huko, alisema, daftari halimsaidii mtu. Kwa maoni yangu alikuwa na haki, ingawa sikumwambia: kibanda kile kinampa mchezaji kitufe ili ajione anatawala, halafu picha inakatika kiunoni, ilhali karata zinazoonekana kuwa kamari tupu ndizo zilizokuwa na utaratibu wa kuaminika.

Jioni ile aliomba kuazima daftari. Dada alikataa, akamwekea sharti kwamba atampa siku atakapomletea mpangilio wa tisa, ambao yeye mwenyewe hajawahi kuuona. Waliochambua programu ya mchezo huo wamethibitisha kwamba mipangilio ni minane tu, lakini habari hiyo haikuwa imetufikia, na binamu alikubali sharti kwa moyo mkunjufu. Alinunua daftari lake, akachonga penseli, na kwa likizo yote iliyobaki akawa anakusanya alama kwa bidii ambayo hakuwahi kuionyesha alipokuwa akitegemea vidole vyake.