Mbwa chotara niliyemrithi Reading

Kwetu Rungwe neno chotara ni la ng'ombe. Baba alipopata mtamba chotara wa Friesian na ng'ombe wa asili, alitarajia maziwa ya upande mmoja na uvumilivu wa upande mwingine, ingawa alijua vizuri kwamba ndama atakayefuata anaweza kukosa vyote viwili. Sikudhani kuwa elimu hiyo ya zizini ningekuja kuitumia Uingereza, mjini Reading, kwa mbwa wa kilo 7 mwenye manyoya ya mawimbi yenye rangi ya chai ya maziwa. Nilimrithi miaka minne iliyopita kutoka kwa bibi niliyekuwa nikimhudumia nyumbani kwake, alipohamia kwenye makao ya wazee yasiyopokea wanyama.

Mbwa huyu ni Cavapoo: mzazi wake mmoja ni Cavalier King Charles Spaniel na mwingine ni Poodle mdogo. Waaustralia humwita Cavoodle. Wengi wao huwa na uzito wa kilo 5 hadi 10 na huishi miaka 12 hadi 15, lakini zaidi ya hapo ni vigumu kumtabiri, kwa sababu Kennel Club, chama cha Uingereza kinachosajili mbegu za mbwa, haimhesabu kuwa mbegu kamili na hakuna kipimo rasmi cha umbo lake. Watoto wa tumbo moja wanaweza kutofautiana kabisa, huyu akawa na manyoya ya kujikunja kama ya Poodle, na ndugu yake akawa na manyoya ya kulala ambayo hupukutika juu ya makochi mwaka mzima.

Hata hivyo, sifa inayomuuza zaidi ni kwamba eti hapukutishi manyoya na hamdhuru mwenye mzio. Ahadi hiyo ilipata umaarufu mwaka 1989, pale Wally Conron, aliyekuwa akizalisha mbwa wa kuwaongoza wasioona nchini Australia, alipochanganya Labrador na Poodle kwa ajili ya mama mmoja wa Hawaii asiyeona, ambaye mumewe alikuwa na mzio. Si watoto wote wa uzao ule wa kwanza waliofaa, na baadaye Conron mwenyewe alisema hadharani kuwa anajutia mtindo aliouanzisha. Protini inayoleta mzio imo kwenye mate na magamba ya ngozi, na kila mbwa ana mate na ngozi. Mke wangu anaendelea kupiga chafya.

Manyoya yasiyopukutika, kwa kweli, ndiyo kazi kubwa kuliko zote. Nywele iliyokufa haianguki sakafuni, bali hunasa kwenye mikunjo ya zile zilizo hai, zikasokotana mpaka zikawa kama kipande cha zulia kilichobana ngozi. Katika majira ya baridi ya kwanza nilikuwa nikimpitishia brashi juu juu, nikiona anapendeza, kumbe nyuma ya masikio, kwapani na chini ya mkanda wa kifuani manyoya yalikuwa yameshikana kiasi kwamba kinyozi wa mbwa hakuwa na njia ila kumnyoa karibu kipara, Januari, katika baridi ile. Niliona aibu kumpitisha mtaani. Tangu hapo namchana mara nne kwa wiki, nikigawa manyoya kwa mistari kama msusi anavyogawa nywele kabla ya kusuka, brashi kwanza, kisha kitana cha chuma kinachofika hadi kwenye ngozi. Kuogesha huja baada ya kuchana, kwa kuwa maji hukaza mafundo. Kwa kinyozi anakwenda kila baada ya wiki 6 hadi 8, na masikio yake, kwa kuwa yananing'inia na kutunza unyevu, nayakagua na kuyakausha kila anaponyeshewa.

Juu ya afya, wauzaji hupenda kusema kuwa chotara ni imara kuliko wazazi wake. Mwaka 2024 watafiti wa Royal Veterinary College ya London waliwalinganisha Cavapoo na chotara wengine na mbegu za wazazi wao, wakakuta kuwa kwa sehemu kubwa ya magonjwa ya kawaida hapakuwa na tofauti. Cavalier hurithisha ugonjwa wa vali ya moyo, na wengi wao wana fuvu dogo kuliko ubongo. Ndiyo maana Mahakama ya Juu ya Norwei mwaka 2023 ilithibitisha kuwa kuwazalisha mbwa hao jinsi inavyofanyika sasa ni kinyume cha sheria ya ustawi wa wanyama. Poodle naye huweza kuleta upofu wa kurithi na magoti yanayoteguka. Kwa hiyo anayenunua aombe vyeti vya vipimo vya wazazi wote wawili, na amwone mtoto akiwa na mama yake. Lucy, ambaye jina lake limepewa sheria iliyoanza England Aprili 2020 kuwazuia wachuuzi wa kati wasiuze watoto wa mbwa, alikuwa Cavalier aliyezalishwa mfululizo bandani mpaka akadhoofika.

Kwa tabia ni mpole, mwepesi wa kufundishika, na hawezi upweke. Akiachwa peke yake zaidi ya saa nne hulia na kutafuna mlango, jambo lililonilazimu kubadilisha zamu zangu za usiku. Mama aliniuliza kwa simu, "Mwanangu, sasa huyo analinda nini?" Nilikosa jibu. Mbwa wa kwetu walikula ugali na masalio ya mboga, nami nilidhani huyu naye angefaidi mchuzi, mpaka daktari wa wanyama aliponieleza kuwa kitunguu huharibu chembe nyekundu za damu yake, na kwamba zabibu kavu, zile tunazotia kwenye pilau, zinaweza kuua figo zake.

Desemba tunakwenda Tukuyu kwa wiki tano, naye atabaki kwa jirani yetu Mkenya, ambaye nimemfundisha kugawa mistari ya manyoya na, kwa hofu ya ule ugonjwa wa moyo wa Cavalier, kumhesabia pumzi anapolala: zikizidi 30 kwa dakika, ampigie daktari simu kwanza, kisha mimi.