Tui Lililotoa Mafuta: Mlo wa Mchana Mjini Legazpi

Kila nilipowaambia watu wa Manila kwamba mimi ni mwenyeji wa Tanga, na kwamba kwetu nazi huingia karibu katika kila chungu, walinijibu kwamba basi mahali pangu ni Bicol, eneo la Ufilipino linalopika kwa nazi kama sisi, si pale. Kwa hiyo nilipanda basi la usiku kuelekea kusini-mashariki mwa kisiwa cha Luzon, na kulipokucha nikawa Legazpi, makao makuu ya mkoa wa Albay, mji uliokaa kati ya ghuba na mlima Mayon. Volkano hiyo, yenye kimo cha mita zipatazo 2,460, huonekana karibu kila unapogeuza uso, isipokuwa pale mawingu yanapoifunika. Karibu na mji bado umesimama mnara wa kanisa la Cagsawa, lililofukiwa mlima ulipolipuka mwaka 1814. Niliutazama mnara huo kwa heshima zake, lakini sikuwa nimekesha ndani ya basi kwa ajili ya magofu.

Karinderia niliyoingia, yaani mkahawa mdogo wa chakula cha kila siku, ilikuwa karibu na soko, yenye meza chache zilizotandikwa plastiki na feni moja iliyozungushia kila mtu joto la jikoni. Huko mteja haletewi orodha ya vyakula. Sufuria hupangwa mbele, nyingine ndani ya kabati la kioo, naye hupita akifunua vifuniko, akichungulia na kunyoosha kidole, kisha hupakuliwa mboga kwa kibakuli na wali kwa kikombe. Mwenye mahali, ambaye wateja wote walimwita Manay kama waitwavyo dada wakubwa katika sehemu hizo, alisimama nyuma ya sufuria na kitambaa begani, nami nikamwita hivyo hivyo. Kiingereza alikijua vizuri, kama Wafilipino wengi.

Shida yangu ilikuwa nguruwe. Ufilipino ni nchi ya Wakatoliki wengi, na Waislamu wake wengi wanaishi kusini kabisa, Mindanao na visiwa vya Sulu. Kwingineko nyama ya nguruwe huingia hata ndani ya mboga za majani, si kama kitoweo bali kama kiungo. Chakula kinachoitwa Bicol Express, kilichopewa jina la treni iliyokuwa ikitoka Manila kuja Bicol, ni nguruwe aliyepikwa kwa tui na pilipili nyingi, hivyo nilikinusa tu nikapita. Nilipomweleza Manay sharti langu hakushangaa. Alinionyesha sufuria mbili za laing, moja ikiwa na nguruwe na nyingine dagaa wakavu, akaenda nyuma kuosha upawa mwingine, akaurudisha ukichuruzika maji ili nione kwamba haukuchanganywa.

Laing ni majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui, na hapo ndipo mtu wa pwani anapaswa kusogeza kiti karibu. Majani huanikwa juani mpaka yakauke na kuwa mepesi, kisha huchanwachanwa pamoja na vikonyo vyake. Tui hutiwa sufuriani na tangawizi, vitunguu, kitunguu saumu na pilipili ndogo kali, halafu majani hulazwa juu yake, na mpishi huyakandamiza kwa mgongo wa kijiko mpaka yazame. Hayakorogwi. Manay alilisisitiza jambo hili huku akitikisa kidole: ukiyakoroga kabla hayajaiva, mlaji atawashwa koo mpaka akulaani. Majani mabichi ya magimbi kweli yana chembe zenye ncha kama sindano ambazo huwasha, na kila anayeyapika ana njia yake ya kuzikwepa. Watu wa Bicol huyaanika, huyapika muda mrefu na huuacha mwiko utulie.

Mpaka hapo ningeweza kudhani nimo katika jiko la shangazi yangu siku ya kisamvu. Tofauti ilikuja mwishoni. Kwetu tui jepesi hutangulia na kasimile humalizia, na mpishi hulikoroga bila kupumzika likianza kuchemka, kwa maana tui likikatika mchuzi umeharibika na mgeni atayaona mafuta yakielea. Manay naye huanza na jepesi na kumaliza na zito, lakini baada ya hapo huliacha lichemke, lipungue na likatike makusudi, mpaka mafuta ya nazi yajitenge na kuyang'arisha majani, na masimbi yaliyobaki chini yashikane na dagaa. Kilichofika mezani hakikuwa na mchuzi hata kidogo. Kilikuwa kizito, cheusi kwa ukijani wake, chenye chumvi ya samaki na utamu wa nazi iliyokaribia kukaangika, kisha pilipili ikaja taratibu ikiwa imechelewa. Pilipili hiyo asili yake ni Amerika, na kati ya mwaka 1565 na 1815 merikebu za Wahispania zilisafiri baina ya Acapulco, huko Mexico, na Manila. Ya kwetu ilipitia kwa Wareno, na sidhani kama kuna mahali ilikopokewa kwa mikono miwili kuliko Bicol.

Chakula cha pili kilikuwa kinunot. Samaki aina ya papa au taa huchemshwa, huondolewa ngozi na miiba, huchambuliwa nyuzinyuzi na kukamuliwa ili shombo litoke, kisha hupikwa kwa tui pamoja na siki, pilipili na majani ya mlonge. Kwetu mlonge siku hizi umekuwa unga wa dawa unaouzwa kwa bei isiyo na aibu. Kule ni mboga ya kila siku, inayochumwa nyuma ya nyumba na kutupwa chunguni dakika za mwisho. Papa wa nazi wa Tanga, hasa aliyekaushwa, ana nguvu zaidi mdomoni, na katika shindano hilo nawapa ushindi watu wetu bila kusita. Kwa samaki napenda tui liwe laini, na lile la Manay lilikuwa limekauka mno.

Wali wao ni mweupe mtupu, bila chumvi wala nazi, nao huliwa kwa kijiko mkono wa kulia na uma wa kukisukumia mkono wa kushoto. Nilijaribiwa kulalamika, lakini mboga zenye chumvi kiasi kile zinauhitaji wali wa namna hiyo. Mezani palikuwa na chupa ya siki ya tembo la mnazi iliyotiwa pilipili na vitunguu saumu, na matone machache yaliikata ile nazi vizuri sana. Aiskrimu ya pilipili, ambayo mji unajivunia, niliila mahali pengine jioni. Ni ya kuonja mara moja.

Wateja walipopungua nilimweleza Manay jinsi tunavyolilinda tui lisikatike. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema kwamba tui ambalo halijatoa mafuta bado ni bichi, na kwamba chakula chetu bila shaka hakilali. Nilikubali kwamba hakilali, angalau si katika joto la Tanga bila friji. Laing yake, alisema, siku ya pili ndiyo yenyewe. Basi nikamwagiza anifungie ile ya dagaa katika mfuko wa plastiki, kama wanavyofanya wanunuzi wanaopeleka mboga nyumbani, nikaifungua asubuhi iliyofuata kwa wali wa kununua kituoni. Mafuta yalikuwa yameingia ndani ya majani, ukali umepoa, na Manay alikuwa na haki.