Ngama iko wapi?

Jumamosi, kabla ya alasiri, Baba Mdogo alisimama mlangoni, kanzu ameishika kwa mkono isiguse unga wa mbao. Akakitazama kitanda kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Mwanangu, ngama iko wapi?"

Nikamjibu, "Ni kitanda tu, Baba."

Akasema, "Haya." Akaenda zake msikitini.

Hiyo "haya" ndiyo inayonikesha. Wiki hii kazini tumehamia jengo jipya, na mdogo wangu amejifungua salama mtoto wa kike, alhamdulillahi, lakini nikifumba macho naisikia "haya" tu. Kuna haya ya kukubali, kuna haya ya kuagana, na kuna haya ya mtu mzima aliyeamua kukuacha ujionee mwenyewe.

Kitanda ni cha umbo la jahazi, alichoahidiwa mtoto wetu Nahodha kabla ya kuanza chekechea. Kwa anayetaka kujaribu peke yake, bila fundi, vipimo ni hivi.

Anza na godoro, usianze na jahazi. Godoro la futi 3 kwa 6 linahitaji fremu yenye nafasi ya ndani ya inchi 37 kwa 73. Ile inchi moja ya ziada ni ya shuka na vidole vya anayetandika. Ndani ya jahazi kuna kitanda cha kawaida kabisa: mifumbati, yaani mbao ndefu za ubavuni, ya inchi 1 kwa 6, matendegu (miguu) manne ya inchi 2 kwa 4, na chaga za kulalia godoro. Uzito wote ubebwe na hivyo. Omo (mbele ya chombo), tezi (nyuma yake) na mbavu za nje ni vazi tu. Mbao ziwe kavu, kwa sababu paini mbichi ikikaukia ndani ya nyumba hujipinda na skrubu zikalegea. Kabla ya kulipa, inua ubao, ulenge kwa jicho moja toka ncha hadi ncha. Uliopinda utauona hapo hapo.

Mfumbati ufungwe kwenye ubavu wa tendegu. Skrubu inayoingia kwenye kichwa cha ubao, yaani pale ulipokatwa, inapita sambamba na nyuzi za mti na haina cha kung'ata. Mtoto akiruka mara kumi, inachomoka. Toboa kwanza kwa biti ya milimita 3, la sivyo ubao utapasuka karibu na ncha. Gundi ikiwa bado mbichi, pima fremu kwa ndani kona kwa kona, njia zote mbili. Kila kipimo kiwe pungufu kidogo ya inchi 82. Kimoja kikizidi, kona zile za kipimo kirefu ndizo za kusukumwa zikaribiane. Ukisubiri gundi ikauke, kitanda kitabaki kimekwenda upande maisha yake yote.

Chaga ni 13, za upana wa inchi 3, ili nafasi kati yake ibaki pungufu kidogo ya inchi 3. Ukibana matumizi ukaweka 8, sponji itazama katikati ya chaga na mgongo wa mtoto utalipia. Zinakaa juu ya papi za 2 kwa 2 zilizofungwa kwa gundi na skrubu za inchi 2 ndani ya mifumbati, skrubu moja kila inchi 7 hivi.

Sasa jahazi. Karatasi moja tu ya plaiwudi ya milimita 12, futi 8 kwa 4, inatosha ukiikata kwa mpango. Kata inchi 75 za urefu. Hapo utapata ubavu wa kulia na wa kushoto, kila mmoja inchi 21 kwenda juu. Kipande kingine cha karatasi, cha kama inchi 21 kwa 48, kikate katikati upate mbao mbili za omo za inchi 24, pungufu ya unene wa meno ya msumeno. Mstari wa juu wa ubavu usichorwe kwa rula. Gonga msumari kwenye inchi 21 kila ncha na kwenye inchi 16 katikati, pitisha ufito unaopindika, fuata ufito kwa penseli. Pale katikati panalingana na uso wa godoro lenye unene wa inchi 6, mtoto anapanda bila kujikwaa.

Mbao za omo hukutana mbele kwenye kipande cha 2 kwa 2 kilichorandwa pande mbili kufuata pembe. Mianya iliyobaki ilizibwa kwa unga wa msasa uliokorogwa na gundi. Waunda vyombo wanakalafati kwa pamba iliyolowekwa mafuta kwa sababu mbao zao zinavimba majini na kunywea zikikauka. Kitandani unga unatosha, ila mwanya ukizidi milimita 3 mchanganyiko huo utapasuka ukikauka.

Kosa kubwa halikuwa hata moja kati ya hayo. Plaiwudi ilishushwa hadi sakafuni pande zote, kitanda kikawa sanduku. Jumanne usiku nilipoingiza mkono chini ya godoro, kitambaa kilikuwa baridi na kinanuka kama kanga iliyokunjwa mbichi. Sponji hupokea jasho na kulishusha chini. Chini pasipopita hewa, na kwa joto hili la Tanga, ukungu hauchukui wiki mbili.

Ngama ni pale chini kabisa ya chombo, maji yanapokusanyika, na ndipo mtu anapoingia kuyachota. *Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani.* Methali nimeisoma tangu darasa la tano, na nikaunda jahazi lenye tezi na omo tu.

Jumatano nilikata. Kila ubavu una midomo miwili ya inchi 24, kimo inchi 5, iliyo wazi hadi sakafuni ili ufagio upite, na inchi 9 za mbao zimeachwa kila ncha na katikati. Toboa kwanza tundu la inchi 1 kwenye kila kona ya juu, kisha unganisha kwa msumeno; kona kali ndiyo mwanzo wa ufa. Ndani ya saa moja hewa ilikuwa inapita, naisikia kwenye kifundo cha mguu.

Halafu mlingoti, umefungwa kwa bolti mbili zilizopita tendegu hadi upande wa pili, na foromali ya mwanzi, ule mti wa kubebea tanga, iliyobeba chandarua. Hakuna henza ya kuipandishia, hakuna kamba yoyote inayoning'inia. Kamba na shingo ya mtoto aliyelala havikai pamoja. Chandarua kilipojaa upepo wa dirishani, Nahodha alisukuma ndala zake ngamani, akauliza omo ni ipi, akalaza kichwa huko.

Baba Mdogo yuko Pangani msibani. Sijui bado kama aliulizia hewa, au alitaka kujua mtoto ataweka wapi vitu vyake.

Mama tangu Alhamisi akipanda ngazi anasimama ile ya nne, ameshika ukuta. Ukimuuliza anasema anatazama kuku wa jirani. Jirani alishauza kuku wake tangu Idi.