Ndege wa Bawa Moja

Mdogo wangu alipopewa nafasi ya ndege katika mchezo wa kuigiza, alinijia na ombi moja tu: taa za jukwaani zikizimwa, watu wamwone ndege, wasimwone yeye. Wenzake walishamshauri avae ukanda wa taa za LED. Nikakataa. Taa zile hutoa mwanga wa nukta nukta, na hata ukizifunika kitambaa nukta hazijifichi. Nilitaka mstari mmoja mzima, kama uliochorwa kwa kalamu gizani, na kwa kazi hiyo sijaona kinachoushinda waya-mwanga.

Niliotumia ulikuwa na unene wa milimita mbili na kitu. Katikati una uzi wa shaba uliopakwa unga wa fosfa, ambao kwa kawaida ni salfaidi ya zinki iliyochanganywa na shaba kidogo. Juu ya unga huo zimezungushwa nyaya mbili ndogo mno, kisha ganda la plastiki inayopitisha mwanga, kisha ganda la rangi. Ukipitisha mkondo geu, yaani umeme unaobadili mwelekeo tena na tena, kati ya shaba ya katikati na zile nyaya za juu, unga unatoa mwanga, na waya hata haupati joto la kuhisi mkononi. Mfaransa Georges Destriau ndiye aliyeutambua mwanga wa namna hii kwenye salfaidi ya zinki, mwaka 1936.

Betri peke yake haiwezi kuuwasha. Lazima pawe na inveta, kijisanduku kinachochukua volti 3 za betri mbili ndogo na kutoa karibu volti 100 za mkondo geu, zinazogeuka mara elfu moja au mbili kwa sekunde. Watu husifia waya, lakini kwangu mimi inveta ndiyo nusu ya kazi, tena nusu ngumu.

Kulehemu kulinila jioni nzima. Unachuna ganda la nje, unachuna la ndani kwa wembe bila kukandamiza, halafu unazitafuta zile nyaya mbili na kuzikunja nyuma kwa kibanio. Ukizivuta kwa pupa zinakatika, unaanza upya. Ndipo unakwangua unga taratibu mpaka shaba ing'ae. Nyaya ndogo haziwezi kuvumilia joto la chuma cha kulehemia zikiwa peke yake, kwa hiyo nilizungusha kipande cha ukanda wa shaba juu ya ganda, nikazilaza hapo, nikalehemu juu ya ukanda. Mwisho nikavika mpira unaosinyaa kwa joto, kila kiungo na wake. Ncha ya upande wa pili nikaiziba kwa gundi ya silikoni, maana shaba ikigusana na nyaya za juu ni shoti, na ukizishika wewe, volti 100 zinauma vizuri tu hata kama mkondo wake ni mdogo.

Nikashona mabawa mawili ya kitambaa cheusi, kila moja na waya wake wa kijani, yote yakichomekwa kwenye inveta moja iliyofungwa kiunoni. Urefu wa nyaya niliulinganisha na uwezo wa inveta. Mabawa yaliwaka sawasawa.

Mazoezi ya mwisho, mwongozaji akasimamisha kila kitu.

"Fundi, ndege huyu kajeruhiwa. Mabawa mawili ya nini? Ondoa la kulia."

Mdogo wangu akalichomoa pale pale. Papo hapo bawa la kushoto likang'aa kupita kiasi, kijani chake kikavutia kwenye buluu, na inveta, ambayo muda wote ilikuwa inavuma chinichini, ikaanza kulia kwa sauti nyembamba iliyofika mpaka viti vya nyuma. Tukio lenyewe lilikuwa la kimya kabisa.

"Kaka, mbona linapiga kelele?"

Waya-mwanga, kwa upande wa umeme, ni kapasita ndefu, yaani kifaa cha kutunza chaji ya umeme kwa muda. Inveta ndogo kama ile haina saa yake ya ndani. Kasi ya kugeuza mkondo inaamuliwa na transfoma pamoja na waya uliochomekwa. Punguza waya, kasi inapanda na volti zinapanda. Unga nao, mkondo ukigeuka kwa kasi zaidi, rangi yake huelekea buluu, na huchakaa haraka. Ukiiwasha bila waya wowote, unaweza kuiunguza kabisa.

"Nipe dakika kidogo, mama," nilimwambia mwongozaji.

Dawa ya vitabuni ni kuweka kapasita badala ya waya uliotolewa. Nilizokuwa nazo kwenye mkoba zilikuwa za volti 50, na hizo kwenye inveta ile zingekufa. Lakini kapasita niliyoihitaji ilikuwa mkononi mwa mdogo wangu: lile bawa lenyewe. Tukalikunja kwa mikunjo mipana, kwa sababu kona kali huvunja nyaya ndogo, tukalitia katika mfuko mweusi wa vitambaa viwili mgongoni mwake, tukalichomeka tena. Sauti ikashuka, kijani kikarudi. Inveta nikaizungushia sponji, na ule mvumo uliobaki ukamezwa.

Usiku wa onyesho ndege alikufa kimya kwa bawa moja, na hakuna aliyejua kuwa la pili lilikuwa linawaka mgongoni. Pazia liliposhuka mwongozaji akaja mbio: kuanzia kesho, waigizaji wakirudi kuinama mbele ya watu, anataka ndege awe mzima, mabawa yote mawili. Je, nitahitaji muda gani kuunganisha?

Mdogo wangu akanitangulia kujibu. "Limeshaunganishwa, mama. Kaka anishonee zipu tu."