Dawa ya Baba, mashuka ya Mama

Siku Baba alipomwamkia Mama, nilikuwa shifti ya usiku hapa Leicester, Uingereza, nimekaa kwenye korido ya nyumba ya wazee na chai iliyokwisha kupoa. Huku saa sita za usiku, Tanga saa tisa. Mama akapiga WhatsApp, ananong'ona yuko uani, Makorora.

"Babako kaniamkia. Kasema shikamoo mama. Nikanyamaza. Kisha nikaona si adabu kumwacha mtu na salamu yake mdomoni, nikamwitikia marahaba."

Miaka 46 ya ndoa, jamani. Yeye hakulia. Nililia mimi, na kengele ya chumba cha tisa inaita, bibi wa watu anataka kwenda chooni.

Baba alikuwa karani wa reli, stesheni ya Tanga, enzi treni ya Moshi ikija na watu wa Same na Korogwe na magunia yao. Alianza kusahau bei, kisha njia, kisha watu. Mwaka mzima tukasema ni uzee tu. Ndipo akapimwa damu, tezi ya shingo na vitamini B12, kwa kuwa yako maradhi mengine yanayompoteza mtu akili hivyo hivyo na yanatibika, halafu akapelekwa Dar kupigwa picha ya kichwa. Jibu likawa Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaomfuta mtu kumbukumbu. Akaandikiwa dawa iitwayo donepezili, miligramu 5 usiku, na baada ya wiki nne hadi sita, akiivumilia, apande hadi 10.

Dawa hii naijua, naiona kila siku kwenye kitoroli cha kazini. Seli za ubongo hupashana habari kwa kemikali iitwayo asetilikolini. Ugonjwa unaziua zile zinazoitengeneza, na ile kidogo iliyobaki kuna kimeng'enya kinaifyeka. Donepezili inakizuia hicho kimeng'enya. Basi, kazi yake inaishia hapo, seli zinaendelea kufa. Ni sawa na kuwakataza watoto wasimwage maji ya mtungini wakati bomba lenyewe linakauka.

Lakini sisi wabeba boksi tuna maradhi yetu wenyewe: hatupo, basi tunatuma. Nilituma hela ya dawa, na pamoja na hela nikatuma sauti. Amemeza? Saa ngapi? Mbona hujanijibu? Mwezi wa pili ukaisha, nafuu haionekani. Siku moja nikamwambia Mama anionyeshe kwa video kila kitu Baba anachomeza. Akavipanga juu ya sinia: donepezili, kidonge cha presha, na nusu ya kidonge kidogo cha njano.

"Na hicho?"

"Piriton. Namkatia nusu ili nami nipate usingizi."

Nani Tanga hajawahi kupewa Piriton ya mafua ikamlaza kama gogo? Simlaumu, hakuna aliyemuuliza, hata mimi mjuaji. Kumbe Piriton inaifungia mlango ile asetilikolini ambayo nalipia iongezeke! Huku tunajaza, huku tunatoboa. Amitriptilini, dawa ya sonona na maumivu ya neva, nayo iko kundi hilo, na baadhi ya dawa za kibofu. Kama una mzee nyumbani, hebu leo usiku pekua ule mfuko wa dawa ulio juu ya kabati.

Piriton ikaondoka. Wiki ya tatu Baba akasimama mlangoni na kikoi chake amekifunga mwenyewe, akamwita Mama kwa jina lake, akauliza kofia yake iko wapi. Mama alinisimulia habari ya ile kofia kwa dakika ishirini.

Tukapanda hadi miligramu 10. Hapo ndipo shughuli ilipoanza. Tumbo likamharibika, chakula hataki hata samaki wa kupaka, na usiku anaota ndoto kali, anaamka anapiga kelele. Mashuka matatu kwa usiku, na maji ya kuchota kwenye pipa. Asubuhi moja akaanguka mlangoni mwa choo. Wakamkimbiza hospitali ya Bombo, mapigo ya moyo 44 kwa dakika. Donepezili inapunguza kasi ya moyo, na kidonge chake cha presha, atenololi, kinapunguza pia. Viwili vimekutana kwa mtu mmoja. Wakambadilishia cha presha, wakamrudisha kwenye 5, na nesi mmoja akamkalisha Mama akamfundisha kuhesabu mapigo: vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, macho kwenye saa ya ukutani, dakika nzima. Yakishuka chini ya 50, asimpe dawa, apige simu.

Tukaitisha kikao cha familia, cha WhatsApp bila shaka. Kaka yuko Dar, akasema tuache, tunamtesa Mzee. Mimi nikaja na elimu yangu: kuna utafiti wa Uingereza wa mwaka 2012, wagonjwa ambao ugonjwa wao ulikuwa umeshafika kati au mbali waliendelea na donepezili, na hali yao ikawa afadhali kidogo kuliko walioachishwa. Nikaandika aya tatu. Baba mdogo akasema asomewe. (Alisomewa. Mtu asiyejua amekula nini asubuhi aliifuata Yasini mwanzo hadi mwisho bila kukwaa, na usiku ule akalala. Sina la kuongeza.) Mama kimya. Kesho yake ikaja sauti yake, fupi:

"Nimekusikia mwanangu. Hao wagonjwa wa Uingereza, mashuka yao alifua nani?"

Nimeisikiliza ile sauti mara nyingi. Hapa kazini mashuka tunayatia kwenye mfuko mwekundu, yanatokomea, yanarudi yamekunjwa. Sijawahi kuyahesabu kama sehemu ya dawa.

Kulikuwa na jaribu jingine, hilo nusura litumalize. Jioni, magharibi ikikaribia, Baba huchachamaa. Anafunga nguo kwenye begi, anataka kuwahi treni. Siku moja Mama alimzuia mlangoni akapigwa fimbo ya mkono. Jirani akampeleka Baba kwenye zahanati fulani, wakatoa haloperidoli, dawa ya kutuliza wenye maradhi ya akili. Ikamtuliza, ndiyo. Siku ya tatu akawa amekaa kitini mdomo wazi, udenda, mikono imekakamaa kama mbao. Mama akanigeuzia kamera bila kusema neno.

Dawa za jamii hiyo zina onyo zito kwa wazee wenye dimenshia, yaani maradhi ya kupotewa na akili kama haya ya Baba, kwamba zinaongeza hatari ya kufa. Mamlaka ya dawa ya Marekani ililiweka mwaka 2005 kwa zile mpya, na 2008 ikazijumlisha na za zamani kama haloperidoli. Huku Uingereza hutolewa pale mgonjwa anapohatarisha watu au anapoteseka sana, kwa kipimo kidogo, kwa muda mfupi, na mtu anarudi kuangalia. Baba alipewa ya mwezi mzima, kwaheri. Tulimpigia daktari wake, akaisimamisha.

Sasa jioni Mama hamzuii. Anavaa baibui, anamshika mkono, "Haya twende stesheni." Wanatembea hadi kona, Baba anakaa kwenye baraza ya duka, Mama anatazama barabara na kusema treni imechelewa. Baba anaguna, analaumu watu wa Korogwe, kisha anaomba warudi nyumbani. Vijana wa pale dukani wameshazoea. Mmoja akamtania Mama kwamba Tanga ni waja leo waondoka leo. Mama akamjibu, "Huyu kila siku aondoka, nami kila siku namrudisha."

Watu bado wananitumia video za ile dawa mpya ya dripu, lekanemabu. Nashukuru, lakini msimtumie Mama. Ni ya wagonjwa walio mwanzoni, Baba ameshapita hapo. Inatolewa kila wiki mbili, mtu anapigwa picha za MRI mara kwa mara kwa kuwa inaweza kuvimbisha ubongo au kuuvujisha damu, na inapunguza kasi ya ugonjwa tu. Hapa Uingereza iliidhinishwa Agosti 2024, na siku hiyo hiyo rasimu ya NICE, taasisi inayoshauri dawa zipi zilipiwe, ikapendekeza NHS, huduma ya afya ya serikali, isiilipie. Tena hii ni Uingereza.

Tulipofika sasa ni uamuzi wa Mama, daktari kaukubali, nami nimejifunza kunyamaza. Donepezili inabaki 5. Baba anaimeza asubuhi baada ya uji, maana ikimezwa usiku inamletea ndoto. Kumi haitajwi tena nyumbani. Na sharti lake Mama amelisema mwenyewe: siku Baba atakapoacha kabisa kumwita, watapanga na daktari jinsi ya kuipunguza pole pole, na mtu asimbishie. Nilitaka kubisha. Kipimo gani hicho, jina? Kazini tuna karatasi ya maswali ya kupima kumbukumbu, yenye alama thelathini. Lakini karatasi yetu haiamki saa tisa za usiku.

Mwezi huu vitamini ambazo huwa natuma sikutuma. Nimetuma hela ya binti wa kufua, anakuja mara tatu kwa wiki. Mama kasema hafui vizuri, lakini hajamrudisha kwao.

Ana daftari, la shule, lenye picha ya tembo. Jana alinipigia picha ukurasa:

"Jumatatu. Mapigo 58. Kala uji wote. Kaniita mara moja.

Jumanne. Mapigo 61. Shuka moja. Shikamoo.

Jumatano. Mapigo 57. Kalala hadi alfajiri. Treni imechelewa.

Alhamisi. Mapigo 60. Kaniita mara mbili, ya pili alikuwa anataka chai."

Nikamuuliza kama lile shuka la Jumanne limekauka. Akasema bado, Tanga inanyesha tangu juzi.